Nasaba ya Korona: Kutoka Popo wa Kenya hadi FY.4

Wadogo zetu walio madrasa leo huenda hawazikumbuki vizuri Ramadhani mbili zilizoanza misikiti ya Nairobi ikiwa imefungwa. Ya kwanza ni ya mwaka 2020. Milango ilifungwa tangu Machi, na kafyu ilianza saa moja jioni, yaani futari haijashuka vizuri na kila mtu awe ndani. Tarehe 6 Mei, mwezi ukiwa katikati, Serikali ikafunga Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa: haingii mtu, hatoki mtu. Hapa Tassia wengi wana jamaa na biashara Eastleigh, basi salamu zikawa ni za simu tu.

Ya pili ni ya mwaka 2021. Tarehe 26 Machi Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano, Nairobi ikiwemo, na ibada za kukusanyika zikasimamishwa tena. Ruhusa ilirudi tarehe 1 Mei, kumi la mwisho likikaribia.

Safari hii tuliambiwa sababu ni "aina mpya": Alpha iliyoonekana kwanza Uingereza, na Beta ya Afrika Kusini. Hapo ndipo maneno yalipozidi mtaani. Kwa kinyozi, kwenye matatu, kwenye foleni ya maji ya ploti, watu walisema majina haya yanatungwa ofisini, tena eti yanatungwa kila Ramadhani ikikaribia. Mimi sioni kama swali lile lilikuwa la kijinga. Mtu aliyezuiwa kazi na msikiti ana haki ya kuuliza. Lakini jibu lake lipo, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilipatikana hapa hapa Kenya kabla neno COVID halijatamkwa na mtu.

Mwaka 2004, huko Uholanzi, wataalamu walieleza kirusi cha korona walichokipata kwa mtoto wa miezi saba aliyekuwa na ugonjwa wa kifua. Wakakiita NL63. Si kirusi cha kutisha sana. Ni mafua na kikohozi cha watoto, na kimeonekana hata Kilifi. Swali lilikuwa, kimetoka wapi?

Kati ya mwaka 2007 na 2010 watafiti walikusanya sampuli za popo katika nchi yetu. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 2017. Katika aina moja ya popo walikuta virusi vilivyo jamaa wa karibu wa NL63. Katika aina nyingine walikuta jamaa wa 229E, kirusi kingine cha mafua ya binadamu. Walipolinganisha herufi za vinasaba, wakaona jambo la ajabu: NL63 inayoshika watoto wetu ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ya mwili wake inafuata ukoo wa popo wa kwanza, lakini jeni ya ule mwiba ambao kirusi hutumia kuingilia seli inafuata ukoo wa popo wa pili. Kwa hiyo ina nasaba mbili.

Hebu tueleze inavyokuwa. Kirusi cha korona kina maandishi ya herufi kama elfu 30. Kikiingia kwenye seli, maandishi hayo hunakiliwa mara nyingi sana. Katika kunakili hutokea makosa ya herufi moja moja, na kwa korona si mengi sana, maana ina kama mwalimu wake wa kusahihisha. Virusi vya flu havina mwalimu huyo. Lakini kuna njia ya pili. Mchukulie mwanafunzi anayenakili somo huku madaftari mawili yako wazi mbele yake. Katikati ya mstari jicho linaruka, anaendelea na lile la pili bila kujua. Akimaliza, ana somo moja lililotoka kwa walimu wawili. Virusi navyo ni hivyo hivyo: viwili vya korona vikikutana ndani ya seli moja, kinachonakili kinaweza kuruka kutoka kimoja kwenda kingine.

Sharti ni wakutane. Lazima mtu mmoja, au popo mmoja, ashikwe na aina mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mchanganyiko hupata nafasi pale mawimbi mawili yanapopishana kwenye umati.

Januari 2022 ilitoka habari Cyprus ya "Deltacron", na simu za watu zikajaa. Wataalamu wengi walisema ile ilielekea kuwa uchafu wa maabara tu, sampuli zimeingiliana. Lakini wiki chache baadaye mchanganyiko wa kweli wa Delta na Omicron ulithibitishwa Ufaransa, ukapewa jina XD. Kwa hiyo waliokataa walikuwa na haki Januari, na waliosema inawezekana walikuwa na haki pia.

Lililosambaa hasa ni XBB. Lilionekana Agosti 2022, India na Singapore, likiwa limezaliwa na matawi mawili ya Omicron, na pale maandishi yalipounganishwa ni kwenye mwiba ule ule. Herufi X mwanzoni mwa jina huwa ni alama ya mchanganyiko, haikuwekwa kwa mapambo.

XBB likafika kwetu, nalo likaendelea kupata makosa ya herufi. Miezi ya kwanza ya mwaka 2023 wataalamu wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, waliona tawi lake lililopewa jina FY.4, lenye badiliko jipya kwenye mwiba na jingine kwenye jeni ya jirani. Hili halikutoka Uingereza wala Afrika Kusini. Lilionekana zaidi hapa Kenya.

Ramadhani ya mwaka huo ilianza Machi. Misikiti ilikuwa wazi na taraweh imejaa, kwa kuwa wengi walishachanjwa au walishaugua. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. FY.4 wakati huo ilikuwa inapita Pwani.