Sikka, Jengo na Kiwanja: Kuzijua Nambari za Nyumba Maskati

Ukimuuliza mtu wa Maskati anakaa wapi, mara nyingi atakutajia msikiti, duka la mikate au raundabauti. Kwa mgeni wa chakula cha mchana inatosha. Gari la wagonjwa likiitwa usiku wa manane haitoshi, na kwenye karatasi za mirathi haitoshi kabisa.

Barabara kubwa za Maskati zina majina, kama ile ya Sultan Qaboos inayoupita mji kwa urefu wake. Njia za ndani, kwenye majumba ya watu, Baladia imezipa nambari. Njia hiyo huitwa sikka, na nambari yake, mara nyingi ya tarakimu nne, imeandikwa kwenye kibao mwanzo wa njia. Kila jengo nalo lina nambari yake ukutani au karibu na geti. Kwa hiyo anwani ya kumfikisha mtu mlangoni ni hii: jina la eneo, nambari ya sikka, nambari ya jengo, na nambari ya fleti kama ipo.

Sisi tuliolelewa kwenye mitaa yenye majina huona nambari hazina ladha. Lakini mfanyakazi wa ndani asiyejua Kiarabu anaweza kuzisoma kwenye simu, na hazibadiliki kila wakubwa wanapobadilika.

Tatizo ni kwamba nyumba moja ina nambari nyingi, na kila moja ina kazi yake. Katika miaka yangu ya ukarani nimepokea fomu nyingi ambazo mahali pa anwani pamejazwa sanduku la posta tu. Sanduku na msimbo wake, kwa mfano 112 wa Ruwi, huonyesha posta unakochukulia barua. Mtu anaweza kulala Seeb na sanduku lake likawa Ruwi.

Nambari ya kiwanja ni jambo jingine tena. Hiyo imo kwenye mulkia na kwenye kroki, yaani ramani ya kiwanja, na inatoka wizara inayosimamia ardhi, si Baladia. Mpima ardhi anaijua. Dereva wa gari la wagonjwa haijui wala haimsaidii. Kinyume chake, nambari ya jengo haithibitishi kwamba nyumba ni yako. Warithi wanapogawana, kinachosomwa ni mulkia. Nambari ya akaunti ya umeme ni ya mita, basi.

Nchi jirani zina taratibu zao. Dubai kila mlango wa jengo una nambari ya Makani yenye tarakimu kumi, inayoonyesha mahali penyewe kwenye ramani. Qatar hubandika kibao cha buluu chenye nambari tatu: ya eneo, ya mtaa na ya jengo. Bahrain hutaja jengo, barabara na bloki. Mwenye jamaa huko aandike kama kibao kinavyosema, asigeuze mpangilio kwa mazoea ya kwao.

Wengi wetu tuna karatasi za Unguja pia, na huko mambo ni ya majina. Mkunazini, Sokomuhogo na Darajani ni majina yaliyotoka kwa mti, kwa biashara na kwa daraja, hayakutoka ofisini. Barabara iliyoitwa Creek Road sasa ni ya Benjamin Mkapa. Tena mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha kazi ya anwani za makazi Tanzania nzima, ikaweka nguzo za majina ya mitaa na vibao vya nambari za nyumba. Hati ya babu inayotaja jina la zamani haikubatilika kwa hayo. Unapoinakili, acha jina lilivyo, na jina jipya pamoja na nambari mpya uviandike pembeni na tarehe. Ukilifuta la zamani, mjukuu atashindwa kuonyesha kwamba nyumba ni ile ile.

Kwa nyumba ya Maskati, andika kwa herufi kubwa eneo, sikka, jengo na fleti, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Chini yake weka 9999, nambari ya dharura ya Oman. Bandika karatasi hiyo jikoni, watoto na mfanyakazi waione, na uwasikilize wakiisoma kwa sauti.