Mbegu Katika Pindo la Khanga



Wiki mbili zilizopita tulipokea vipimo vya gauni la harusi kutoka kwa binti wa Pemba. Posa imeshapokewa, mahari yamekubaliwa, na mume yuko Musoma. Baada ya kifua, kiuno na urefu wa mkono, akatuandikia swali ambalo hatukulitegemea: "Dada zangu, nije na mbegu gani za mboga huko bara?"

Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Sisi ni wawili katika chumba hiki cha cherehani hapa Nyamisangura, mjini Tarime. Mmoja wetu kazaliwa Unguja akaolewa huku. Mwengine ni wifi yake, mzaliwa wa hapa hapa. Nyuma ya chumba tuna bustani, na swali la yule binti sisi tulikwisha kulijibu kwa hasara.

Yule wa Unguja alipokuja kama bibi harusi alileta mbegu za bamia, biringani, tungule na mchicha. Kila aina ilifungwa kwenye kitambaa chake, zote zikatiwa sandukuni pamoja na udi na doti za khanga. Akapanda mwezi wa sita, kwa sababu nyumbani masika yakishapita ardhi bado ina maji na jua si kali, ndio wakati mzuri. Hapa mwezi wa sita mvua inaondoka na usiku ni baridi ya kutafutia blanketi. Bamia ziliota zikafika urefu wa kidole, zikagoma. Biringani yalitoa majani manne ya manjano. Tungule alizirudia mvua za mwezi wa tatu, zikapendeza kweli, hadi ukungu ulipoingia na majani yakawa kama yamebabuliwa na moto. Katika siku nne hakuna kitu.

Mama mkwe hakusema neno. Kila jioni alipita na ungo umejaa mnavu aliouchuma mwenyewe, akauweka jikoni. Lakini jirani mmoja aliuliza, tena kwa sauti, kama watu wa visiwani wanajua kulima au wanajua kujifukiza udi tu. Bibi harusi alilia siku ile.

Kumbe lawama haikuwa ya mikono yake. Unguja iko usawa wa bahari, na mji wa Tarime unakaribia mita 1,500 juu yake. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6. Kwa hiyo mbegu ile ile, samadi ile ile, huku inaishi katika dunia nyengine. Mchicha ambao Unguja unauchuma baada ya wiki tatu, hapa tunausubiri wiki tano. Kwa upande mwengine sukuma wiki hapa inatupa majani miezi na miezi, tunachuma ya chini na kuiacha ya juu iendelee, na kabichi inajikunja ikawa ngumu kama jiwe. Kabichi ikipata joto jingi hufungua majani tu, haifungi. Ndiyo maana kabichi na karoti nyingi unazoziona Darajani zimevuka bahari, zinatoka milimani kama Lushoto.

Tulipoanza kulifuatilia jambo hili tukaona kwamba mboga tunazoziita "zetu" nyingi nazo zililetwa kama maharusi. Majina yenyewe yanasema. Bamia ni neno la Kiarabu. Figili pia. Kotmiri tumeipata kwa Wahindi. Mbatata, kama tunavyoviita viazi kule visiwani, ni neno la Kireno kabisa. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakakaa Mombasa mpaka Waomani walipowatoa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na katika miaka hiyo vyombo vyao vilikuwa vikitembeza mimea ya Marekani duniani kote. Mahindi, muhogo, tungule, pilipili kali, boga, viazi vitamu: asili ya yote hayo ni Marekani. Ibn Battuta alipopita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alieleza chakula alichopewa: wali wa samli, kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Kisamvu hakikuwepo. Hebu fikiria shughuli ya pwani bila muhogo na bila tungule.

Bibi zetu hawakuzaliwa na mboga hizo, walizijaribu. Kuna mwanamke wa kwanza aliyeona majani ya muhogo akasema haya nayo yanaweza kutwangwa yakapikwa kwa nazi, na hakuna kitabu kilichoandika jina lake.

Lakini ipo mboga moja iliyotushangaza, maana safari yake ni kinyume na hizo. Ni mung'unye. Sisi mafundi tunalipenda zaidi kwa sababu ya hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (RA). Fundi wa kushona alimwalika Mtume (SAW) kwenye chakula alichokiandaa, na Anas akaenda naye. Fundi akaweka mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unye na nyama iliyokaushwa. Anas akamuona Mtume (SAW) akiyatafuta mapande ya mung'unye pembeni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas naye akalipenda. Hebu ona, katika nyumba zote, ni nyumba ya fundi wa kushona. Wapo wafasiri wengi wanaosema pia kwamba mmea ulioota kumfunika Nabii Yunus (AS) alipotupwa ufukweni, uliotajwa katika Surat As-Saffat, ni wa jamii hii.

Wengine hutafsiri neno hilo la hadithi kwa "boga". Tunavyoona sisi, boga hili letu la rangi ya machungwa halikuweza kuwa kwenye sahani ile, kwa kuwa wakati huo lilikuwa bado ng'ambo ya bahari, Marekani. Mung'unye ni jengine. Wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Afrika. Na mmea huo huo, matunda yake yakiachwa yakakauka, ndiyo vibuyu. Hapa Tarime, kwa Wakurya, watu wa ng'ombe, maziwa yalikuwa yakigandishwa ndani ya kibuyu. Wifi wa Nyamisangura amekua akiyanywa. Kwa hiyo mmoja wetu alijua mung'unye la kupika na mwengine alijua kibuyu cha mtindi, tukakaa nyumba moja miaka bila ya kujua kwamba ni kitu kimoja. (Tahadhari: usichukue mbegu za kibuyu chochote ukapanda kwa kula. Kuna aina ni chungu mno, na uchungu huo unadhuru. Onja kipande kidogo kibichi kwanza, kikiwa kichungu tema na utupe tunda zima.)

Mboga nyengine zenye asili ya Afrika zilikuwa kwenye ungo wa mama mkwe siku zote: majani ya kunde, na zaidi ya yote mgagani, ambao majirani zetu Wakisii wanauita chinsaga na Wajaluo wanauita dek. Vitabu vingi vya kilimo viliuweka mgagani katika orodha ya magugu, jambo la kung'olewa ili mahindi yapate nafasi. Waliosoma vitabu hivyo wakarudi vijijini wakiona haya kuula. Tulisikia wasichana wakiuita chakula cha maskini, na tukiri, hata sisi hatukuwahi kuupeleka kwenye meza ya wageni wa harusi. Siku hizi mambo yanageuka. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya amefanya kazi miaka mingi kuzitafiti mboga hizi za kienyeji, na pale Arusha kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinachohifadhi mbegu zake.

Mama mkwe naye alikuwa na hifadhi yake. Ilikuwa kibuyu kidogo kilichoning'inizwa juu ya meko, ndani mna mbegu zilizochanganywa na majivu, na moshi ulizuia wadudu. Alikuwa akiacha miche minne au mitano iliyonona bila kuichuma, ikatoa maua na vikonyo vya mbegu, akazikusanya kabla hazijapasuka. Mgagani wake ulikuwa wa shina la zambarau. Alimfundisha mkwewe wa Unguja kuupanda mvua zinapoanza, kuupunguza kwa kung'oa miche iliyosongana na kuila hiyo kwanza, kisha kukata ncha ili utoe matawi, na kutouachia maua maana ukishachanua majani yanakauka utamu. Uchungu wake aliuondoa kwa maziwa: aliuchemsha, akamwaga maji, akatia maziwa, akauacha ulale usiku mzima. Mkwe akajaribu siku moja kwa tui la nazi iliyosafirishwa kutoka pwani. Mama akala, akaomba tena. Hiyo ndiyo siku bibi harusi alipojiona amefika nyumbani.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika pilikapilika za msiba watu wema walisafisha jiko. Kibuyu kilikuwa kimeingia masizi, kikatupwa pamoja na takataka. Hatukugundua mpaka mvua za mwezi wa tisa zilipoanza na tukaenda kukitafuta. Tulikaa juu ya kizingiti cha jiko, sote wawili, tukalia upya kama siku ya kwanza.

Tulinunua paketi dukani. Nusu haikuota, na iliyoota ilikuwa shina la kijani, majani mapana, utamu mdogo. Tuliwauliza majirani, wengi walikuwa wameshahamia kwenye sukuma na kabichi kwa ajili ya soko. Hatuwalaumu, ada za shule hazilipwi kwa mgagani.

Mbegu zilirudi kwa njia ya nguo. Mteja wetu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, alikuja kuchukua sare za harusi ya mwanawe. Mpaka huo ni mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 wakiwa Ulaya, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukawakata Wakurya pande mbili, mtu na dada yake. Wanawake hawakuacha kuuvuka. Tulipomsimulia alicheka, akasema bibi yake aliolewa kutoka upande huu wetu na alikwenda na mbegu zake. Safari iliyofuata alifungua pindo la khanga yake mezani, juu ya vitambaa. Mbegu nyeusi, ndogo kama baruti. Tulizipanda siku ile ile. Shina lilipotoka lilikuwa la zambarau.

Hatusemi ni zile zile za mama. Tunasema tulipozichemsha, harufu ilijaa jiko na wifi akatoka nje kidogo peke yake.

Sasa tukujibu, binti yetu wa Pemba. Usitufuate sisi, maana Musoma si Tarime. Musoma iko ufukweni mwa ziwa, chini ya hapa kwa mita zaidi ya 300, joto ni zaidi na mvua ni chache. Njoo na bamia zako, zitakushukuru, na biringani pia, mradi uwe na maji ya kumwagilia. Mchicha usiwe na wasiwasi nao. Kabichi tuachie sisi, tutakuwa tukikuletea. Panda kidogo mwaka wa kwanza, vijishimo vichache vya kila aina, usilime uwanja mzima ukajivunjia heshima kama alivyofanya mmoja wetu. Na kabla ya kufukua tuta la kwanza muulize mama mkwe mvua inaingia lini, hata kama unadhani unajua.

Gauni litakuwa tayari Alkhamis, inshaallah, na pindo la chini tumeliacha na akiba ya inchi mbili kama ulivyotaka. Ndani ya mfuko utakuta vikaratasi viwili. Kimoja ni mung'unye tamu, tumelionja wenyewe. Cha pili ni mgagani, umechanganywa na majivu, kwa hiyo usikifungue karibu na gauni.