Fundi Alilaumiwa Bure: Wati za Matatu za Enzi Zile

Kabla Michuki hajaleta mstari wa njano 2004, matatu ya Nairobi bila mziki mzito ilikosa abiria. Mwenye gari alinunua redio kwa namba ya kwenye boksi: wati 50 mara nne, chukua! Kumbe hizo ni za kilele tu. Za kudumu, yaani RMS, hata 25 hazifiki. Dereva akimaliza volyumu, redio inazidiwa, sauti inakwaruza, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua kwanza. Lawama? Kwa fundi, na pesa yake inashikwa. Mafundi hao walijua dawa: spika za RMS 60 zipewe ampu ya 60 hadi 90, halafu geini ishushwe.