Setilaiti zilivyopima kushuka kwa Ziwa Victoria

MWANZA

Kati ya mwaka 2004 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalirudi nyuma, mitumbwi ikabaki kwenye tope. Kwa jiji la Mwanza, linalovuta maji yake ya kunywa ziwani, swali lilikuwa zito: chanzo ni ukame, au ni mabwawa ya Jinja nchini Uganda, ambako maji ya ziwa hutoka kuingia mto Nile?

Sehemu ya jibu ilitoka angani. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mwaka 1992, na mrithi wake Jason-1 ya mwaka 2001, hazikupiga picha. Zilituma mawimbi ya rada kila baada ya siku 10 hivi, zikapima muda wa kurudi kwake. Kutokana na muda huo kimo cha maji kilijulikana kwa tofauti ya sentimita chache tu. Ziliundwa kwa ajili ya bahari, lakini ziwa la takriban kilometa za mraba 68,800 halina tofauti kubwa na bahari. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliviweka vipimo hivyo kwenye intaneti, navyo vikasomwa na yeyote bila kusubiri takwimu za serikali.

Setilaiti, hata hivyo, haioni aliyefungua maji. Ilibidi kushuka huko kulinganishwe na mvua na maji yaliyopita Jinja. Mwaka 2006 ilikadiriwa kwamba takriban nusu ya upungufu ilitokana na kuachiwa maji kupita kiasi kilichokubaliwa kati ya Uganda na Misri. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya ukame.

Mei 2020 ziwa lilifurika, likavuka kidogo kiwango cha mwaka 1964. Jason-3, iliyorushwa mwaka 2016, ilipima kupanda huko kwa njia ileile.