Chanjo ya Bonde la Ruzizi

Historia ya tiba ya viungo huko Luberizi, katika Bonde la Ruzizi, haistahili kuishia kwa mafundi wa kuunga mifupa. Sura yake kubwa ni ya kinga. Polio ikipooza mguu wa mtoto, misuli husinyaa na mfupa hukua umepinda. Upasuaji husaidia, lakini haurudishi neva zilizokufa. Kwa hiyo naipa uzito kazi ya mwaka 1958, watu 215,504 wa Bonde la Ruzizi walipopewa chanjo ya polio ya mtafiti Koprowski kwa mdomo. Wapo waliodai kuwa ndiyo iliyoleta UKIMWI. Sampuli za chanjo hiyo zilizohifadhiwa zilipimwa, virusi vya UKIMWI havikuonekana. Na nasaba ya virusi inaonyesha vilimwingia binadamu miongo kadhaa kabla ya chanjo hiyo. Lawama ya kweli ni kwamba jaribio hilo lilisimamiwa na wakoloni. Mzazi, uvumi usimnyime mwanao matone ya polio.