Swali la Dini Lililotoweka Kwenye Sensa

Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba na, pamoja na maswali mengine, waliwauliza Watanzania wanafuata dini gani. Upande wa Bara majibu yalikaribia kugawanyika mafungu matatu: Wakristo takriban theluthi moja, Waislamu takriban theluthi moja, na waliobaki, ambao ndio waliozidi kidogo, walifuata dini za jadi.

Baada ya hapo matokeo ya sensa hayakutaja dini tena. Serikali ilikuwa ikijenga taifa moja kutoka makabila zaidi ya mia, na haikutaka waumini waanze kupimana wingi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini hesabu ya theluthi tatu iliendelea kunukuliwa kwa miongo mingi, hata pale makanisa na misikiti ilipokuwa imekwisha kuwavuta wengi wa wale wa dini za jadi. Kila upande ukajiona ndio wengi, na hapakuwa na takwimu rasmi ya kuamua.

Mwaka 2012 mvutano huo ulijitokeza hadharani. Baadhi ya vikundi vya Kiislamu viliwataka waumini wao wasusie sensa hadi kipengele cha dini kirudishwe, vikilalamikia makadirio yasiyo rasmi yaliyokuwa yakizagaa. Serikali ilikataa, na sensa ikaanza Agosti 26. Ng'ambo ya mpaka, Kenya huuliza swali hilohilo na kuchapisha majibu: katika sensa ya 2019 Wakristo walikuwa kama asilimia 85, Waislamu kama asilimia 11, na watu 755,750 walisema hawana dini yoyote.

Je, ile theluthi ya dini za jadi ilikwenda wapi? Jibu la kusisimua lilitoka mwaka 2010, taasisi ya Pew ya Marekani ilipochapisha utafiti wake uliowahoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika. Kwa Tanzania, karibu wote waliohojiwa walijitaja kuwa Wakristo au Waislamu. Hata hivyo, zaidi ya nusu walisema wanaamini kwamba sadaka kwa mizimu au kwa wahenga inaweza kumkinga mtu na madhara. Matambiko, basi, yalibaki mioyoni mwa watu walewale wanaojaza makanisa na misikiti. Sensa, hata ingeuliza dini, isingeligundua hilo kwa swali moja tu.

Nje ya dini, katika siasa, hesabu iliyotikisa nchi ni ile ya Tume ya Nyalali. Rais Ali Hassan Mwinyi aliiunda mwaka 1991, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikusanye maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi! Ilichungulia ndani ya namba hiyo na kuona kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia kifanyiwe marekebisho, na kwamba wachache nao wana haki ya kusikilizwa. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992.

Ujasiri wa kuitazama takwimu kwa utulivu namna ile haukudumu. Mwaka 2018, asasi ya kiraia ya Twaweza ilipotangaza kwamba asilimia 55 ya waliohojiwa waliridhika na utendaji wa Rais Magufuli, kutoka asilimia 96 mwaka 2016, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliitaka ijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kuwatishia adhabu waliotoa takwimu zinazopingana na za serikali. Vifungu hivyo vililegezwa 2019.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7 bila kutaja dini zao. Imani ya mtu inastahili swali lake kwenye dodoso lijalo, na majibu yachapishwe yote, yawe matamu au machungu.