Ndege Hawakusimama Rironi

Tarehe 6 Aprili 2020, saa moja jioni, serikali ilifunga barabara pale Rironi. Wenye kusafiri wanapajua: hapo ndipo njia ya Mai Mahiu inapoachana na barabara kuu ya Nakuru na kuanza kuteremka bondeni. Kwa sababu ya korona, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amepiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilikuwa imeanza Machi 27. Rironi ikabaki ndani, sisi tukabaki nje, hadi Julai 7.

Kwa mji mwingine hiyo ni miezi mitatu tu. Mai Mahiu ni mji wa kupita. Jina lenyewe ni la Kikuyu, maji moto, na barabara ya kuteremka ukingo ilijengwa na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita. Kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado liko pale chini. Tunaishi kwa chai ya madereva, mahindi ya kuchoma, ngozi za kondoo zinazouzwa pale juu watalii wanaposimama kupiga picha. Ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa Machi 25 hadi Agosti 1. Matrela yaliendelea kupita, lakini watu waliwaogopa madereva kana kwamba wamebeba korona kwenye mizigo.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya vyuo kufungwa Machi. Vilipofunguliwa, karo haikuwepo, na hadithi yangu ya chuo ikaishia hapo. Sitaki kuirefusha. Ninachotaka kusema ni kwamba Aprili hiyo, kila mtu akiwa amekatazwa kuvuka, anga ya bonde ilikuwa imejaa wasafiri. Bonde la Ufa ni njia kuu ya ndege wanaohama. Kati ya Machi na Aprili korongo weupe, keremkerem na tai wa nyika hurudi kaskazini, Ulaya na Asia. Hewa ya moto ya saa nne asubuhi huwainua bila wao kupiga bawa. Nilikuwa nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kutazama juu kwa zaidi ya dakika moja.

Kwani kutazama ndege kulikuwa kwa nani? Soma majina tu. Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alifika karibu na Naivasha, Wamaasai wakamzuia kuendelea. Alirudi, lakini kuna kasuku mdogo mwenye uso mwekundu anayeitwa kwa jina lake, na leo wako wengi Naivasha ingawa kwao asili ni Tanzania. Kule Kinangop, kwenye nyasi za juu, kuna ndege wa kifua cha manjano na kucha ndefu asiyepatikana popote duniani ila Kenya. Frederick Jackson, afisa wa Uingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, ndiye aliyemwandika kwa wanasayansi mwaka 1904, akampa jina la Sharpe, mtaalamu wa makumbusho ya London. Ndege wetu peke yetu, na jina ni zawadi ya Mwingereza kwa Mwingereza. Sasa nyasi zake zinalimwa viazi, na siwezi kumlaumu mkulima mwenye ekari mbili na watoto wanne.

Lakini watu wa huku hawakungoja kufundishwa. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Reyer walichapisha katika jarida la Science jambo ambalo Waborana walikuwa wakilisema siku zote: ndege anayeitwa mlembe huwaongoza watu hadi kwenye mzinga. Wakitafuta wenyewe, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Wakiongozwa na mlembe, saa 3.2. Hiyo nayo ni kutazama ndege. Haikuhitaji darubini wala kofia ya kaki.

Na Nairobi, tangu mwaka 1971, kila Jumatano asubuhi kulikuwa na matembezi ya ndege kutoka makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno chini ya chama tunachokiita leo Nature Kenya, kilichozaliwa mwaka 1909. Yaani mlango ulikuwa wazi karibu miaka hamsini. Ila Jumatano asubuhi mtu wa Mai Mahiu yuko kazini.

Mwaka 2020 kazi ikaisha, na asubuhi zikawa nyingi. Tulianza watu watatu, barakoa kidevuni, tukipanda kuelekea ukingoni baada ya kafyu kuisha. Kwenye nguzo za stima alikaa shakivale, ambaye wengi tunamwita mwewe tu, mkia mwekundu kama udongo. Kunguru wa shingo nyeupe walizurura pale juu wakitafuta makombo ya watalii ambao hawakuja. Dereva mmoja Mganda aliyelala hapa kwa sababu ya kafyu alituona, akacheka, akauliza, "Vijana, mnatafuta nini huko juu?" Tulipomwambia, akatuonyesha bendera ndogo kwenye kioo cha lori. Korongo mwenye taji. "Huyu nyumbani ni serikali," akasema.

Nilikuwa silali vizuri miezi hiyo. Asubuhi za kupanda ukingo nililala. Baadaye, mwaka 2022, watafiti wa King's College London waliofuatilia watu 1,292 kwa simu walisema kuona au kusikia ndege kuliendana na nafuu ya moyo iliyoweza kudumu hadi saa nane. Saa nane si tiba ya kukosa kodi ya nyumba. Lakini kwa mtu anayeamka saa tisa usiku akihesabu madeni, saa nane ni nyingi.

Machi 26, 2021 mpaka ulichorwa upya, na safari hii Nakuru ikafungiwa ndani pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Wakati huo tulikuwa watu tisa na darubini moja ya kupokezana. Daftari letu lina safu tatu: jina la Kiingereza, la Kiswahili, na la nyumbani, liwe la Kikuyu au la Kimaasai. Safu ya kwanza imejaa. Ya tatu tunaijaza kwa kuwauliza akina cucu na wazee wa Suswa, na mara nyingi wanabishana.